Siasa, Simu na Macho ya Watu

Kila uchaguzi unapokaribia nchini Kenya, lalamiko huwa ni lile lile: mtandao umewaharibu watu. Mtu mpole, asiyepandisha sauti hata akipunjwa sokoni, akishika simu anageuka mbogo. Sababu inayotolewa ni kwamba mtandaoni watu hujificha nyuma ya majina ya bandia, na asiyejulikana haoni haya. Maelezo hayo yanaingia akilini mpaka uyapeleke kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Huko hakuna aliyejificha. Namba zinajulikana, sura zinajulikana, hata madeni yanajulikana. Na bado ni humo ambamo mwaka 2022, katika familia nyingi, mjomba na mpwa wake walivunjiana heshima kwa sababu ya Raila na Ruto, na wengine hawajarudiana kwa maneno mazuri hadi leo.

Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Aarhus nchini Denmark, Alexander Bor na Michael Bang Petersen, walilichunguza suala hili kwa kuwahoji na kuwapima watu wa Marekani na Denmark, kisha wakachapisha matokeo yao mwaka 2022. Walichokuta ni kwamba wanaowashambulia wenzao kwa maneno mtandaoni ndio hao hao wanaowashambulia ana kwa ana. Simu haijawageuza kuwa watu wengine. Kilichobadilika ni kuonekana kwao. Barazani, mtu mwenye mdomo mchafu husikiwa na watu sita, na kesho yake wakimwona anakuja, wawili wanakumbuka kwamba wana shughuli. Mtandaoni husikiwa na watu mia mbili kwa mpigo, na maneno yake hubaki pale pale, yakisomwa tena na aliyechelewa kuamka.

Kuna funzo hapa ambalo ni rahisi kulipita. Ukitaka kujua wafuasi wa upande wa pili wanafikiri nini, usiwapime kwa yule anayepayuka kuliko wote. Wengi wa upande ule wamenyamaza, kama ulivyonyamaza wewe, na huenda nao wanaamini kwamba mropokaji wa upande wako ndiye uliyemtuma. Pande mbili zinaogopana kupitia wasemaji ambao hakuna aliyewachagua.

Lakini utafiti huo haumalizi swali. Wapole nao hubadilika, tumewaona. Jibu langu ni hadhira, na ndilo nitakaloling'ang'ania katika makala haya. Watu wawili wakibishana faraghani, kila mmoja ana kazi moja: kumfahamisha mwenzake. Wakibishana mbele ya watu, kila mmoja anaongezewa kazi ya pili, nayo ni kutoshindwa. Mjomba aliyeambiwa na mpwa wake, mbele ya wakwe na wajukuu, kwamba takwimu zake si za kweli hana nafasi ya kusema "kumbe". Neno hilo akilisema wakiwa wawili, amejifunza kitu. Akilisema kundini, ameaibishwa na kijana aliyemlipia karo.

Mitandao mikubwa imeongeza mafuta. Mwaka 2017, William Brady na wenzake wa Chuo Kikuu cha New York walichambua jumbe nyingi za Twitter zilizohusu silaha, ndoa za jinsia moja na mabadiliko ya tabianchi. Waliona kwamba kila neno moja lenye kuchanganya hisia na hukumu ya maadili liliongeza usambaaji wa ujumbe kwa takriban asilimia 20. Basi anayeandika kwamba kodi fulani ina kasoro atabaki na wasomaji wake kumi, na anayeandika kwamba waliopitisha kodi hiyo ni mashetani wasio na haya atasomwa hadi Busia. Mwandishi akishauona mwenendo huo mara mbili tatu, anajua la kufanya mara ya nne, hata kama hakukusudia.

WhatsApp haipangi jumbe kwa namna hiyo, lakini ina shida yake: jumbe za kurushiana. Ujumbe wenye mishale miwili juu yake maana yake umepita mikono mingi, angalau mara tano, na tangu Aprili 2020 kampuni hiyo hairuhusu ujumbe wa aina hiyo kurushwa kwenye zaidi ya soga moja kwa wakati mmoja. Sisi huidharau mishale hiyo. Shemeji akirusha andiko refu la kuwatusi wafuasi wa mgombea fulani, tunamjibu kana kwamba alikesha akilitunga, ilhali huenda alisoma mistari miwili ya mwanzo tu. Afadhali kumuuliza: "Shemeji, hili umelirusha. Wewe mwenyewe unaliunga mkono lote?" Mara nyingi jibu linakuwa fupi na la kiasi kuliko lile andiko, na hapo ndipo mna kitu cha kuzungumza.

Watu wa mwambao tuna historia ndefu ya kubishana siasa mbele ya hadhira, tena bila upole. Mwanzoni mwa karne ya 19, katika mvutano uliozaa vita vya Shela, ambavyo pia huitwa vita vya Kuduhu, washairi wa Lamu, Pate na Mombasa walitumiana mashairi ya vitisho, kejeli na hoja. Upande wa Lamu alikuwapo Zahidi Mngumi. Upande wa Mombasa, Muyaka bin Haji. Katikati ya miaka ya 1970, kampeni za ubunge Lamu zilizaa tungo zilizoitwa Kimondo, ambazo zilirekodiwa kwenye kaseti na kusikilizwa mitaani, za upande huu zikijibiwa na za upande ule. Na kwa miongo mingi kurasa za ushairi za magazeti ya Kiswahili zimebeba malumbano ya watu wanaojibizana toleo baada ya toleo.

Sitaki kuyapamba mambo hayo. Mashairi ya Kuduhu hayakuzuia damu kumwagika pale Shela. Lakini malumbano yalikuwa na masharti mawili ambayo simu imeyafuta. Sharti la kwanza lilikuwa la umbo. Kwa desturi, anayejibu hushika bahari ya aliyemtangulia, mara nyingi pamoja na vina vyake, na huzichukua hoja zake moja moja. Huwezi kushika vina vya mtu ambaye hukumsoma hadi ubeti wa mwisho. Hata mwenye nia ya kutukana alilazimika kwanza kusikiliza. Sharti la pili lilikuwa muda: shairi hutungwa, hunakiliwa, hupelekwa, na hasira inayosubiri siku kadhaa hutoka ikiwa imepangika. Leo jibu hutoka kabla tiki hazijageuka buluu.

Hakuna atakayeturudisha kwenye mizani minane kwa minane ili kujadili bei ya unga. Hata hivyo, sharti la kwanza linaweza kurudishwa bila vina. Anatol Rapoport, mwanahisabati aliyeandika kuhusu migogoro na midahalo katika kitabu chake cha 1960, alipendekeza kwamba kabla ya kumpinga mtu umweleze msimamo wake mwenyewe, kwa namna ambayo yeye ataridhika kwamba umemwelewa. Kwa lugha ya kundi la ukoo, ni kuandika hivi: "Mjomba, nadhani unachosema ni kwamba serikali hii imerithi madeni, kwa hiyo kodi haikuepukika. Nimekupata sawa?" Sentensi hiyo huchukua nusu dakika. Inapunguza joto, lakini faida yake kubwa ni nyingine: mara nyingi utagundua kwamba hukumpata sawa.

Sasa niingie kwenye jambo ambalo naliona kuwa kiini cha mabishano mengi yanayoharibika. Watu wanabishana juu ya vitu tofauti wakidhani ni kimoja. Mmoja anabishana juu ya jambo lililotokea au halikutokea. Mwingine anabishana juu ya lipi litangulie, nani abebe mzigo. Mwingine wala habishani, ana jeraha. Kila moja ya hayo lina dawa yake, na dawa ya moja ni sumu kwa lingine.

Tuanze na ubishi wa jambo linalohakikishika, kwa sababu Kenya ilipata mfano wake bora mwezi Agosti 2022. Tume ya uchaguzi, IEBC, iliweka kwenye tovuti yake picha za Fomu 34A kutoka vituo vya kupigia kura zaidi ya 46,000. Fomu 34A ndiyo karatasi inayojazwa kituoni baada ya kura kuhesabiwa mbele ya mawakala. Mtu wa Kisauni au wa Kapsabet angeweza kufungua fomu ya kituo alichopigia kura na kuilinganisha na aliyoyasikia usiku ule. Vyombo vya habari vilijumlisha vyenyewe, kila kimoja kwa kasi yake, na ndiyo maana kwa siku kadhaa runinga zilionyesha wagombea tofauti wakiongoza. Wengi walidhani huo ni wizi, kumbe vilikuwa vimeanza kujumlisha fomu za maeneo tofauti.

Tarehe 15 Agosti mwenyekiti, Wafula Chebukati, alimtangaza William Ruto kuwa mshindi kwa kura 7,176,141, dhidi ya 6,942,930 za Raila Odinga. Makamishna wanne kati ya saba waliyakana matokeo hayo. Siku iliyofuata wakatoa sababu zao, na mojawapo ilikuwa kwamba asilimia za wagombea wanne zilijumlika kuwa 100.01, ziada ambayo walisema ni sawa na kura zipatazo 142,000. Dai hilo lilizunguka nchi nzima ndani ya saa chache, na makundi ya WhatsApp yakawaka moto.

Hebu litazame dai lenyewe. Asilimia 50.49 ya Ruto, 48.85 ya Odinga, 0.44 ya George Wajackoyah na 0.23 ya David Mwaure: ukizijumlisha unapata 100.01 kweli. Ni kwa sababu kila asilimia imekadiriwa hadi tarakimu mbili baada ya nukta, na makadirio manne yakijumlishwa huweza kuzidi au kupungua kidogo. Tena, asilimia 0.01 ya kura milioni 14.2 ni kama kura 1,420. Nukta ilikuwa imeruka hatua mbili. Hesabu hii inafanyika kwenye simu ile ile inayotumiwa kutukanana. Aliyekuwa na subira ya kumwonyesha mwenzake hatua kwa hatua, bila kicheko, alikuwa na nafasi ya kumshawishi. Aliyeandika "nyinyi hata hesabu hamjui" alimpa mwenzake sababu ya kutoifanya hesabu hiyo kamwe.

Na ili mfuasi wa Ruto asivimbe kichwa, arudi nyuma miaka mitano. Mwaka 2017 waliouliza fomu ziko wapi waliambiwa hawakubali kushindwa. Tarehe 1 Septemba mwaka huo Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa urais kwa kasoro za utaratibu, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea Afrika. Mwaka 2022, mahakama hiyo hiyo, kwa kauli moja, ilitupilia mbali malalamiko tarehe 5 Septemba. Mtu aliyekuwa na msimamo mmoja katika kesi zote mbili kabla ya kuona ushahidi wowote hakuwa anabishana juu ya ushahidi. Pande zote zina watu wa namna hiyo, na ukimtambua mmoja wao usipoteze jioni yako.

Ubishi wa pili, wa lipi litangulie, hauamuliwi na fomu yoyote. Mswada wa Fedha wa 2024 ulikusudia kukusanya takriban shilingi bilioni 346 za ziada. Ndani yake mlikuwa na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 kwa mkate, na kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka. Vijana waliusoma mswada ule, wakaueleza kwa lugha za nyumbani kwenye TikTok, na mtandao ukafanya kazi ambayo ingestahili kufanywa na wabunge. Takwimu zenyewe hazikubishaniwa sana. Kilichobishaniwa ni nani aumie: mwenye gari la miaka 15 anayelitumia kuchuuza mboga, au mwalimu anayesubiri serikali ipate pesa za kumwajiri kwa kudumu? Hapo kumrushia mwenzako jedwali halisaidii. Kinachosaidia ni kila mtu kutaja anachokubali kukikosa. Anayepinga kodi aseme ni huduma gani ipunguzwe. Anayeitetea aseme ni matumizi gani ya serikali angeyakata kwanza kabla ya kugusa mkate. Nimeona mabishano yakipoa kwa swali hilo moja, kwa sababu watu wengi hugundua kwamba orodha zao za matumizi ya kukatwa zinafanana: magari ya wakubwa, safari, posho.

Ubishi wa tatu, wa mwenye jeraha, ndio mgumu. Baada ya matokeo ya uchaguzi wa urais kutangazwa 30 Desemba 2007, watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakakimbia makwao kabla ya mkataba wa 28 Februari 2008 uliosimamiwa na Kofi Annan. Wakati huo silaha ya maneno ilikuwa SMS. Serikali ilifikiria kuizima huduma hiyo, na badala yake Safaricom ikawatumia wateja wake jumbe za amani. Mtu aliyechomewa nyumba Burnt Forest, au aliyezika ndugu Kisumu, akiona leo utani fulani wa kikabila mtandaoni, haoni utani. Ukimjibu kwa takwimu umemjeruhi mara ya pili. Akisema "nyinyi mlitufukuza", na wewe mwaka 2007 ulikuwa darasa la tatu, jibu la kwanza linalokujia ni kwamba wewe hukumfukuza mtu. Ni kweli, na halifai. Afadhali umuulize alikuwa wapi mwezi ule, kisha umwache aseme. Siasa itasubiri.

Kuna wanaoamini kwamba tiba ya haya yote ni kuwaonyesha watu maoni ya upande wa pili kwa wingi. Chris Bail na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke waliijaribu imani hiyo. Waliwalipa Wamarekani wanaotumia Twitter wafuate, kwa mwezi mmoja, akaunti iliyokuwa ikisambaza maoni ya chama pinzani. Matokeo, yaliyochapishwa 2018, yalikuwa kinyume cha matarajio: wafuasi wa Republican walizidi kushikilia msimamo wao, na wale wa Democratic hawakusogea kwa kiasi cha kutajika. Maoni yaliyowafikia hayakuwa na mtu ndani yake. Yalikuwa sauti za hadhara zikizungumza na hadhara.

Linganisha na kazi ya David Broockman na Joshua Kalla, iliyochapishwa 2016. Wao walichunguza watu waliokuwa wakipita nyumba kwa nyumba Miami, Florida, wakizungumza na wapiga kura kwa takriban dakika kumi kuhusu haki za watu waliobadili jinsia. Hawakuhubiri. Walimwomba mwenye nyumba akumbuke siku ambayo yeye mwenyewe alibaguliwa, wakasikiliza. Mabadiliko ya mtazamo yalikuwa bado yanapimika miezi mitatu baadaye. Tofauti ya tafiti hizi mbili, kwa maoni yangu, ni idadi ya wanaosikiliza. Mlangoni hapakuwa na wa kumpigia makofi yeyote.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza kwa mtu anayetaka kubishana na nduguye kuhusu siasa ni kutoka kundini na kumwandikia peke yake. Usimwandikie kwa ukali uliokuwa nao kundini, na usichukue skrinishoti. Skrinishoti inamrudisha hadharani bila ridhaa yake, na akishajua kwamba unapiga picha maneno yake hatakwambia kitu cha kweli tena.

Ushauri wa pili ni sauti. Juliana Schroeder na Nicholas Epley, pamoja na mwenzao, walionyesha mwaka 2017 kwamba watu wakisikia sauti ya mpinzani wao wa kisiasa akijieleza, humwona kuwa mtu mwenye akili na utu zaidi kuliko wakisoma maneno yake yale yale. Afrika Mashariki tumejaaliwa hapa, kwa kuwa ujumbe wa sauti umekuwa ada yetu kabla ya mtafiti yeyote kutuambia. Kusita kidogo kabla ya kujibu, pumzi, kicheko cha aibu, jogoo anayewika nyuma: vyote hivyo hupotea kwenye maandishi. Hata Rais Ruto alipoingia kwenye mjadala wa sauti wa mtandao wa X tarehe 5 Julai 2024, siku chache baada ya kuuacha Mswada wa Fedha, vijana walimhoji kwa zamu. Walimuuliza bila woga kuhusu waliouawa na waliotekwa wakati wa maandamano ya kuupinga mswada huo. Ukali ulikuwapo, lakini mtu alizungumza akamaliza, na mwingine akafuata.

Niseme kidogo tu juu ya majina ya kubandikana, maana yanajulikana. Tanzania mtu anaitwa chawa, au nyumbu. Kenya siku hizi anaitwa Wantam au Tutam, kulingana na kama anataka Ruto apate muhula mmoja tu au wa pili pia. Baadhi ya majina hayo watu wamejipachika wenyewe kwa fahari, na hayo hayana neno. Yale ya kubandikwa na adui hufanya kazi moja: kumweleza msikilizaji kwamba huyu hana haja ya kusikilizwa. Ukilitumia, umekwisha kufunga mjadala. Basi usilalamike kwamba mwenzako hajibu hoja.

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba adabu ni jambo jema siku zote. Sivyo. Adabu ni neno ambalo wenye nguvu wanalipenda sana. Mwezi Desemba 2024 vijana kadhaa wa Kenya walitekwa baada ya kusambaza picha za kumkejeli rais. Juni 2025 mwalimu kijana alikamatwa Homa Bay kwa sababu ya andiko la mtandaoni kuhusu mkubwa wa polisi, akasafirishwa hadi Nairobi, akafia mikononi mwa polisi. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, mtandao wa X ulifungwa huko Mei 2025, na siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025, intaneti ikazimwa. Mtu anayeishi chini ya hali hiyo akiambiwa azungumze kwa staha, ana haki ya kuuliza ni nani anayenufaika na staha yake.

Kwa hiyo nitofautishe. Raia ana haki ya kumkemea, kumkejeli na kumbana anayemtawala, na mtawala mwenye ngozi laini atafute kazi nyingine. Staha ninayoizungumzia ni ya raia kwa raia. Shangazi anayempigia kura mgombea usiyemtaka hana kikosi cha polisi. Hajamteka mtu, hajapitisha mswada, hana Prado ya serikali. Ana kura moja kama yako, na sababu zake ambazo pengine hujaziuliza: barabara iliyofika kwao, mkopo wa kikundi cha akina mama, hofu ya kilichotokea mara ya mwisho. Tumezoea kumwadhibu yeye kwa makosa ya wale ambao hatuwezi kuwafikia. Anapatikana kundini, wakubwa hawapatikani. Na wakubwa wenyewe, tumewaona, baada ya uchaguzi hupeana mikono: Uhuru Kenyatta na Raila Odinga mwaka 2018 kwenye ngazi za Harambee House, na mwaka 2025 Odinga huyo huyo na Ruto, wakitia saini makubaliano ya kufanya kazi pamoja. Wafuasi waliotukanana kwa niaba yao hawakualikwa kwenye sherehe.

Kuna watu, hata hivyo, ambao hakuna njia ya faragha wala ya sauti itakayowasaidia. Mtu anayeita kabila zima wadudu au madoadoa, anayetaja mitaa ya kufurushwa watu, huyo habishani nawe. Usimjibu kwa urefu, usimrushe kwingine hata kwa nia ya kumlaani, kwa sababu kila unayemrushia ni msikilizaji mpya uliyempatia. Mtoe kundini. Ikiwa anachochea dhuluma, kuna Tume ya Uwiano na Utangamano, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2008 kwa sababu hiyo hasa.

Hapo ndipo zamu ya maadmini inapofika, nao ndio watu ambao makala haya yangependa kuwafikia kuliko wote. Kundi la ukoo, la msikiti, la kanisa, la waliosoma pamoja, kila moja lina admini mmoja au wawili ambao kwa kawaida hushtuka moto ukishawaka. Wakati huo sheria yoyote watakayoiweka itaonekana imetungwa kulinda upande mmoja, na aliyetolewa ataondoka na jamaa zake watano. Sheria ikiwekwa wakati hakuna ugomvi, watu wote huikubali bila kunung'unika: ujumbe wa mishale miwili kuhusu siasa usiletwe bila mletaji kuandika maneno yake mwenyewe juu yake, ubishi wa watu wawili ukipita majibu matano uhamie faraghani, na matusi ya kikabila yawe marufuku, bila onyo. Uchaguzi mkuu wa Kenya ni Jumanne, 10 Agosti 2027. Admini, ziweke sheria hizo wiki hii, kabla mabango hayajapanda.